Lari na Mizani ya Historia

Msomaji, watu wengi hudhani ya kuwa mwandishi wa historia mwenye upendeleo ni mtu asemaye uongo. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yetu ingekuwa nyepesi, kwa kuwa uongo hufichuliwa kwa ushahidi. Upendeleo wa hatari zaidi hukaa ndani ya maneno ya kweli: mahali habari inapoanzia, na mahali inapokomea.

Tutazame mauaji ya Lari, katika wilaya ya Kiambu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau walichoma nyumba za watu waliokuwa upande wa serikali. Luka Kahangara, aliyekuwa chifu zamani, aliuawa, na pamoja naye wanawake na watoto wengi. Serikali ya kikoloni ilieneza habari hiyo ulimwenguni kwa maneno na kwa picha. Msiba ulikuwa wa kweli; lakini habari ilianzia usiku ule na kukomea usiku ule.

Ilianza kwa kuchelewa, kwa sababu iliacha chimbuko la uhasama. Wenyeji walikuwa wameondolewa Tigoni ili ardhi yao iwe ya walowezi. Luka alikubali kuhamia Lari; wengine walikataa, wakafukuzwa. Tena ilikoma mapema, kwa sababu iliacha kisasi: walinzi na askari waliua watu wengi usiku huo na siku zilizofuata, wala vifo hivyo havikutangazwa kwa sauti ile ile. Taarifa ya Corfield, iliyochapishwa mwaka 1960, ilishika njia hiyo hiyo: ilikuza uovu wa viapo, ikapunguza uzito wa malalamiko ya ardhi.

Sasa tugeuze mizani. Wako waandishi wa kwetu wanaowasifu wapiganaji wa msituni, na wapiganaji hao wanastahili heshima. Hata hivyo, mwandishi afikapo Lari akaeleza kisasi tu, naye amekata habari mahali panapomfaa. Mtoto aliyeungua usiku ule hakumnyang'anya mtu shamba.

Walimu nao hawana budi kupimwa kwa mizani hii. Mwalimu akidai sababu tano na matokeo matano, mwanafunzi hukariri kumi, wala haulizi ni nani aliyezichagua. Hasara yake si ya mtihani peke yake. Wazao wa waliouawa na wazao wa waliowaua ni raia wa nchi moja, na huenda wakaketi dawati moja. Atakayesikia wafu wake wakirukwa hatakiamini kitabu, wala hatamwamini jirani yake.

Basi, usomapo sura yoyote ya historia ya taifa, uliza: habari imeanzia wapi, imekomea wapi, na ni wafu gani waliohesabiwa? Kisha uliza maswali hayo hayo juu ya kitabu unachokipenda.