Geji Iliyokataa Kufika 29

Mwalimu aliyeleta ile Corolla ya 1990 hakusumbuliwa na joto. Marani, huku milimani Kisii, haina joto la kumtoa mtu jasho. Alisumbuliwa na ukungu: mvua ya jioni ikishuka, vioo vinaziba kwa ndani, naye anaendesha kwa mkono mmoja huku mwingine ukipangusa kioo kwa leso. AC inapoipoza hewa huikausha pia, na kwa vioo vya namna hiyo hakuna dawa iliyo bora.

"Mwalimu, uliiwasha lini mara ya mwisho?"

"Fundi, tangu nistaafu nirudi nyumbani sijaigusa. Na baridi hii yote, ya nini?"

Basi hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Sili inayozunguka mhimili wa kompresa hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi. Kompresa ikilala miezi na miezi, sili hukauka na gesi ikavuja kidogo kidogo. Nilimulika tochi mbele ya klachi nikaona pete ya vumbi jekundu, limegandamana kwa mafuta. Geji ilisoma sifuri. Dakika kumi kila wiki, hata kwenye baridi, zingeiokoa sili ile.

Gesi iliyotoka ilikuwa R12, ambayo klorini yake hula tabaka la ozoni. Kenya iliridhia Itifaki ya Montreal mwaka 1988, na kufikia mwanzo wa 2010 nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana kabisa na gesi za jamii hiyo. Kwa hiyo gari lilipaswa kuhamia R134a, na kuhama si kujaza gesi mpya kwenye mabomba ya zamani ukaenda zako.

Kazi kubwa iko kwenye oili. Oili ya madini iliyotumika na R12 haichanganyiki na R134a. Hukaa kando kama samli juu ya chai, ikatuama ndani ya evaporeta, na kompresa ikabaki kavu mpaka ikajisaga. Tuliifungua kompresa, tukaigeuza na kuizungusha kwa mkono mpaka tone la mwisho, tukaweka sili mpya, kisha tukaijaza oili ya esta. Wengi hutumia PAG, ambayo ni nzuri kwenye gari lililozaliwa na R134a. Kwenye gari lililohamishwa mimi naamini esta, kwa sababu inastahimili zaidi mabaki ya klorini. Draya tulibadilisha, kwani chembe za kufyonza maji za zamani hazikuundwa kwa gesi hii, na oringi zote zikawa mpya. Milango ya kujazia ikavishwa vichwa vya R134a ili fundi atakayekuja asikosee.

Kisha tukafunga pampu ya vakyumu ivute hewa na maji yaliyobaki ndani, na hapa kijana aliyejifunza kazi Mombasa akashtuka. Sindano ilishuka, ikasimama kati ya inchi 24 na 25, ikakataa kusogea. Kule pwani alizoea kuona 29. Akachukua povu la sabuni, akaanza kutafuta mvujo.

Mvujo haukuwepo. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, na hewa ya huku milimani ni nyepesi. Kila mita 300 unazopanda hukupunguzia takriban inchi moja, na mji wa Kisii wenyewe uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hiyo 24 na kitu ndiyo 29 yetu. Lakini usilegee kwa sababu hiyo. Sindano ikikwama inchi mbili tu chini ya hapo, maji yaliyo ndani hayatachemka mpaka yafike karibu nyuzi 40, na asubuhi ya Marani haifiki popote karibu na hapo. Ndiyo maana tulingoja jua la adhuhuri, tukaliacha gari juani boneti wazi, pampu ikavuta zaidi ya saa nzima. Tukaifunga, tukanywa chai nusu saa. Sindano haikutikisika.

Lebo ya R12 ilisema gramu 700. R134a hujazwa takriban asilimia 85 ya hapo, nasi tukasimama kwenye 590, kwa mizani, si kwa kubahatisha. Hewa ikatoka na nyuzi 5, shinikizo la juu likiwa psi 150. Mwalimu alitaka kulipa aende.

Nikamwomba twende kwanza Ahero, kule chini kwenye joto. Kwenye baridi yetu mfumo wowote hufaulu, ilhali R134a hupanda shinikizo kuliko R12 joto linapozidi, na kondensa ya Corolla hii ni ile ya zamani. Tuliteremka kupitia Oyugis na Sondu, na njia nzima AC ilikuwa safi. Pale Ahero, saa nane mchana, tukasimama kwenye msongamano. Baada ya dakika tano geji ilikuwa psi 290 na hewa iliyotoka ilikuwa imefika nyuzi 14.

Tulirudi Marani jioni, nikafunga feni ya pili mbele ya kondensa, na Jumamosi iliyofuata tukarudi pale pale, saa ile ile. Psi 220, nyuzi 8.