Ushirikishwaji Bila Washiriki: Uhakiki wa Istilahi "Ujifunzaji Shirikishi" katika Mitandao ya Vifaa Vidogo

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi "ujifunzaji shirikishi", tafsiri inayomjia mtu kwanza anapotaka kutaja mbinu ya kufundisha modeli ya akili unde kupitia vifaa vingi vidogo bila kukusanya data mahali pamoja. Inadaiwa kwamba jina hilo linaahidi ushiriki ambao mbinu yenyewe haiutoi, na kwamba athari zake kwa lahaja za Kiswahili zinastahili kuzingatiwa na watunga sera.

1.0 Utangulizi

Kacyiru, jijini Kigali, ni makao ya ofisi nyingi za serikali ya Rwanda. Neno linaloteuliwa katika ofisi hizo huweza kuwa sera kabla wanaisimu hawajalijadili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017. Sheria ya kulinda data binafsi ilitungwa mwaka 2021, na sera ya taifa ya akili unde ikaidhinishwa mwaka 2023. Kwa hiyo, uteuzi wa istilahi za uwanja huu kwa Kiswahili ni suala la utawala sawasawa na lilivyo suala la lugha.

2.0 Mbinu na Jina Lake

Mbinu inayohusika ilielezwa na watafiti wa Google mwaka 2016, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikatangaza kuijaribu katika kibodi ya simu. Kila kifaa hupokea nakala ya modeli, huifundisha kwa data iliyomo ndani yake, kisha hurudisha mabadiliko tu. Seva hukokotoa wastani wa mabadiliko hayo na kuunda modeli mpya. Faida yake ni ya kweli: maneno ya mtumiaji hayaondoki kwenye simu yake. Hata hivyo, faida hiyo isitiwe chumvi, kwani utafiti wa mwaka 2019 ulionesha kuwa mabadiliko yenyewe, yasipolindwa, yanaweza kutumiwa kufichua data iliyoyazaa.

Kivumishi "shirikishi" kina historia yake katika Kiswahili. Katika elimu, mbinu shirikishi ni ile inayompa mwanafunzi nafasi ya kusema. Katika maendeleo ya jamii, mradi shirikishi ni ule ambao wanakijiji wameujadili na kuukubali. Neno hili hubeba ridhaa na sauti. Swali la uhakiki ni je, mbinu hii inavyo viwili hivyo?

3.0 Nani Hushiriki?

Katika utaratibu uliotangazwa kwa ajili ya kibodi hiyo, simu huingia katika mafunzo pale tu inapokuwa kwenye chaji, haitumiki, na imeunganishwa na Wi-Fi isiyotoza kwa kiasi cha data. Masharti hayo yaliwekwa kwa nia njema, ili betri na bando la mtumiaji visiliwe. Lakini anayechaji simu kwa kulipia kibandani na kununua bando la siku hawezi kuyatimiza. Lugha yake haihesabiwi, na hakuna anayemwarifu.

Kwa vifaa vidogo zaidi, kama vihisi vya shambani vyenye kumbukumbu ya kilobaiti 256, ugumu huongezeka. Vingi hutumia modeli iliyofundishwa kwingine. Mwaka 2022 watafiti wa MIT walionesha kuwa hata kifaa cha kiwango hicho kinaweza kufundisha modeli, lakini kwa kubadilisha sehemu yake tu. Kifaa duni, basi, huchangia kwa uduni wake.

Linganisha na kazi ya Digital Umuganda, iliyokusanya sauti za Kinyarwanda katika mradi wa Common Voice hadi kupita saa 2,000. Huko msemaji alijua kwamba anatoa sauti yake na ni kwa ajili gani. Jina la umuganda lilistahili, kwa kuwa katika umuganda kila mtu huiona barabara anayoilima.

4.0 Wastani kama Usanifishaji

Wastani unaokokotolewa kwa kawaida humpa kila mchangiaji uzito kulingana na wingi wa data yake. Tuchukulie simu tisa za Dar es Salaam, kila moja ikiwa na sentensi 100, na simu moja ya Nyamirambo yenye sentensi 20. Simu hiyo ya Kigali itakuwa na uzito wa takriban asilimia 2. Atakayesema "batu" kama wasemavyo wengi mashariki mwa Kongo, au atakayebadilishana *l* na *r* kwa athari ya Kinyarwanda, atachukuliwa na modeli kuwa kosa.

Usanifishaji si jambo geni kwetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na uchaguzi huo umelalamikiwa hadi leo na watetezi wa Kimvita. Lakini kulikuwa na kikao, na uamuzi wake uliweza kusomwa na kupingwa. Wastani wa seva nao husanifisha, ila hauna kikao wala kumbukumbu ya kupingwa.

5.0 Hitimisho

Inapendekezwa istilahi "ujifunzaji wa mtawanyo". Hutaja mahali kazi inapofanyika bila kudai ridhaa ambayo haijathibitishwa. "Shirikishi" ihifadhiwe kwa mradi utakaoistahili. Kabla ya kuridhia mradi wa aina hii, mshauri wa sera aulize mambo matatu: ni vifaa vipi vinavyoachwa nje na masharti ya kushiriki; uzito wa kila jamii ya wasemaji unaamuliwaje; na je, mabadiliko yanayotumwa yanahesabiwa kuwa data binafsi chini ya sheria ya 2021? Mradi usioweza kuyajibu usipewe jina la ushirikishwaji katika waraka wowote wa umma.