Ufundi wa Kumtuza Anayerudi

Kwenye taarab, desturi inajulikana. Wimbo ukikugusa unainuka, unacheza taratibu hadi jukwaani, unamtuza mwimbaji, na ukumbi mzima unakuona. Katika matangazo mubashara ya mtandaoni umezuka ufundi unaokwenda kinyume chake: mwenye jukwaa ndiye anayemtuza mtazamaji, na anamtuza kwa sababu moja tu, kwamba amerudi. Nimeufuatilia ufundi huu kwa muda mrefu, hasa kwenye mtandao wa Twitch, na kadiri ninavyoutazama kwa karibu ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu wanaoufanya vizuri.

Twitch ilianza Juni 2011, ikichipuka kutoka Justin.tv ya mwaka 2007. Mtu hucheza gemu, huchora, hupika au huzungumza tu, na watazamaji wake huandikiana kwenye gumzo linalopita pembeni mwa picha. Mwaka 2017 kampuni ilianzisha mpango wa kuwawezesha watangazaji wadogo kupata kipato, kwa masharti manne ya wakati huo: wafuasi 50, dakika 500 za matangazo ndani ya siku 30, siku 7 tofauti za kuwa hewani, na wastani wa watazamaji 3 kwa wakati mmoja. Ukiyasoma haraka, hilo la mwisho unaliona jepesi kuliko yote. Kumbe ndilo gumu. Wafuasi 50 utawapata kwa kuwaomba ndugu, jamaa na wanafunzi wenzako wabofye mara moja. Watu watatu wa kukaa nawe saa nzima, leo na keshokutwa na wiki ijayo, hawapatikani kwa kuombwa. Lazima wawe na sababu ya kuja. Fundi ni yule anayejua kuwatengenezea sababu hiyo.

Chombo chake kikuu ni pointi za chaneli, ambazo Twitch ilizileta mwishoni mwa 2019. Mtazamaji hupata pointi 10 kwa kila dakika 5 anazotazama, na kila robo saa hutokea kisanduku cha bonasi cha pointi 50. Akikibofya, zinakuwa zake. Anayelipia usajili wa kila mwezi huongezewa kiasi. Pointi haziuzwi, wala hazihamishiki. Zilizopatikana kwa mtangazaji mmoja hutumika kwake tu. Mtangazaji ndiye anayezipa jina, anayezichorea alama, na anayeamua zinanunua nini na kwa bei gani.

Katika kupanga bei ndipo utamtambua fundi. Mtazamaji wa kawaida aliyekaa saa moja hupata pointi 120 za kutazama, na asipokosa bonasi hata moja huongeza 200. Jumla ni 320. Kwa hiyo zawadi iliyoandikwa pointi 10,000 inadai kama saa 31 za kukaa hapo. Mtangazaji anayekuwa hewani mara tatu kwa wiki, saa tatu kila mara, amemwambia mtazamaji asiyekosa hata siku moja kwamba zawadi hiyo ataifikia katika wiki ya nne. Akiongeza sifuri moja kwa pupa, amemwambia asubiri zaidi ya miezi saba. Bei ya pointi ni muda wa maisha ya mtu, na watangazaji wazuri hupanga bei zao wakiwa na hesabu hiyo mkononi.

Wengi wao hujenga ngazi. Chini kabisa huweka vitu vya pointi mia mbili au tatu: kumkumbusha mtangazaji anywe maji, au anyooshe mgongo. Kwa macho ya haraka ni mzaha wa watoto, lakini mgeni aliyeingia leo kwa bahati anaweza kubofya kabla ya kuondoka, na palepale anaona mtu upande wa pili ananyanyua glasi kwa ajili yake. Katikati ya ngazi huja mambo yanayobadilisha matangazo yenyewe: mchoraji atumie rangi uliyochagua wewe, mchezaji apambane dakika tano bila silaha. Juu kabisa hukaa vitu vya heshima, kama kuchagua gemu la Ijumaa au kupewa beji ya VIP, ile yenye almasi kwenye mraba wa waridi, kwa mwezi mzima. Ipo pia zawadi moja maarufu ambayo hutolewa mara moja tu kwa kila matangazo: ya kutambuliwa kuwa umefika wa kwanza. Haina thamani ya hata senti, na bado watu huwahi kwa ajili yake.

Mfumo humruhusu mtangazaji kuweka kikomo cha mara ambazo zawadi itadaiwa, muda wa kupumzika kati ya dai moja na lingine, na kumrudishia mtu pointi zake. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda zaidi. Nimewaona watangazaji ambao, kabla ya kufunga, hupitia foleni ya madai, na lile wasiloweza kulitimiza humtaja mwenyewe kwa jina, humwomba radhi na kumrudishia. Hakuna mkaguzi anayewalazimisha. Wanafanya hivyo kwa kuwa ahadi ya kitu kidogo ikivunjwa, mtu hujua ahadi kubwa itakuwaje.

Kisha kuna wale wasiosema. Katika kila matangazo, watazamaji wengi hawaandiki neno. Yuko anayepika huku simu imeegemezwa ukutani, yuko aliye zamu ya usiku, yuko mwenye haya. Mtangazaji mchanga akiona jina jipya kwenye orodha hulitaja kwa sauti na kumtaka mwenyewe aseme chochote, naye hutoroka. Mkomavu humwacha. Uzuri wa pointi ni kwamba hutolewa kwa kutazama, haziulizi nani ameandika, hivyo mkimya hulimbikiza sawa na msemaji. Siku atakapotaka kuzungumza, anazo pointi za kutosha kuuangazia ujumbe wake wa kwanza ili usipotee katikati ya mengine. Mfumo umemngoja, na mtangazaji naye amemngoja.

Beji nazo zinastahili kusifiwa. Wanaolipia usajili huvaa alama karibu na jina, nayo hubadilika kadiri miezi inavyopita: mmoja, miwili, mitatu, sita, tisa, mwaka. Kipimo chake kidogo ni pikseli 18 kwa 18. Katika eneo hilo mchoraji anatakiwa asimulie safari ya mwaka mzima. Nimeona mbegu, kisha jani moja, kisha mche, hadi mti wenye matunda, na kila hatua ukiitambua hata kwenye simu ya kioo kidogo. Kuchora kitu kikubwa kikavutia ni kazi. Kuchora kitu cha ukubwa huo, kisomeke, na kimfanye mtu mzima angoje kwa hamu mwezi wa tisa, huo ni ustadi.

Haya yote hayakuanzia Marekani kwa sisi tuliokua na redio. Mashabiki wa salamu nchini Kenya na Tanzania walinunua kadi, wakajaza majina ya wanaowasalimu, wakazituma stesheni, kisha wakakaa kusikiliza. Zawadi yao ilikuwa jina kusomwa hewani, mara nyingi pamoja na lakabu waliyojipa wenyewe. Kutokana na majina hayo vikaundwa vyama vya salamu, na watu waliojuana kwa sauti ya mtangazaji wakaanza kuhudhuriana harusi na misiba. Mtangazaji aliyelitamka jina la mtu wa kijijini sawasawa, bila kulikatakata, alikuwa anafanya kazi ileile ambayo leo inafanywa na pointi na beji. Chombo kimebadilika, haja ya mtu kutambuliwa ni ileile.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sijaona kanuni bora zaidi ya kumgeuza mtazamaji kuwa mwenyeji. Zawadi ya juu kuliko zote kwenye Twitch haiuzwi kwa pointi: ni upanga mdogo kwenye mraba wa kijani, beji ya msimamizi wa gumzo. Anayepewa huongezewa kazi. Atafuta matusi, atawaelekeza wageni, atapoza ugomvi, mara nyingi bila malipo. Lakini amekabidhiwa nyumba. Kuanzia tarehe 14 Machi hadi 13 Aprili 2021, Mmarekani Ludwig Ahgren alikaa hewani siku 31 mfululizo, kila usajili mpya ukisogeza mbele saa ya kufunga. Alipolala, kamera ilibaki wazi, na wasimamizi wake ndio walioendesha chaneli, wakiwawekea watazamaji video hadi asubuhi. Alivunja rekodi ya usajili ya Twitch ya wakati ule, akifikisha zaidi ya 280,000. Idadi hiyo ilitangazwa sana. Mimi nilichokivulia kofia ni zile saa za usiku: mwenye nyumba amelala, na nyumba haikuharibika.

Kwetu Afrika Mashariki, walio wengi wanaokwenda live huenda TikTok, na huko mkondo wa zawadi unafanana zaidi na taarab. Mtazamaji hununua sarafu na kurusha waridi au simba, na daraja lake hupanda kwa kadiri alivyotumia. Sidharau hilo, limelipa kodi za nyumba na karo. Lakini daraja linalopimwa kwa mfuko humsahau kijana aliyekuwapo kila usiku kwa bando la kuungaunga. Kwake yeye, kutazama tayari ni kutoa. Mtangazaji anayelijua hilo huanza kwa saa aliyoitangaza ili asimchomee mtu bando kwa kungoja, humsalimu kwa jina hata kama hajarusha kitu, na hukumbuka kumuuliza ule mtihani aliousema wiki iliyopita umekwendaje. Hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Kuna daftari, na kuna moyo wa kutaka kujua.

Jambo la mwisho hufanyika wakati wa kufunga. Twitch ina kitendo kinachoitwa uvamizi, lakini ni uvamizi wa kirafiki: mtangazaji, badala ya kuzima na kuwaacha watu wake gizani, huwachukua wote kwa pamoja na kuwapeleka kwenye matangazo ya mwenzake. Kila anayeshiriki hupata pointi 250. Mwenzake alikuwa na watu wanne. Ghafla anao sitini, na wote wanamsalimu. Mtangazaji mchoyo angeona anapoteza watazamaji. Fundi anajua kwamba aliyezoeshwa ukarimu kwake atarudi kwake kesho, tena akiwa na mtu mwingine mkononi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wetu wanaoanza matangazo mubashara wasitangulize bahati nasibu za simu na fedha taslimu. Zawadi hizo huleta umati, na umati ule huondoka na mshindi. Anza na watu watatu. Jua majina yao, timiza ahadi ndogo uliyowawekea, pima bei ya zawadi zako kwa saa za maisha yao, na mmoja wao akizoea, mkabidhi jembe. Jamii hujengwa kwa namna hiyo, na sijaona iliyodumu kwa namna nyingine.