Sikio la Fundi

Gari likifikishwa gerejini linagonga, mwenyewe huanza kwa kutoa hukumu. Ni beringi, atasema, jirani yake aliambiwa hivyo. Fundi hodari humwacha amalize, kisha humwambia, "Sawa, boss. Washa. Usikanyage mafuta." Baada ya hapo hasemi neno, na spana haijaguswa.

Ukimya huo ndio ninaousifu. Kutoka Ruiru, pale Eastern Bypass inapokutana na Thika Road, mpaka Makongeni mjini Thika, fundi wa jua kali hufanya kazi palipojaa makelele: matatu zinapiga honi, grainda inalia kwa jirani, redio imefunguliwa mpaka mwisho, simu ya mteja inaita. Katikati ya hayo yote anatafuta sauti moja.

Na sauti hiyo ina hesabu zake. Injini ikiwa imewashwa tu bila kukanyagwa, krenkshafti huzunguka kama mara 800 kwa dakika, na kemshafti huenda nusu ya mwendo huo. Basi tapeti iliyolegea hutoa mlio mwepesi wa chuma kwa kasi ya nusu ile, na sikio lililozoea huitambua nusu bila kuhesabu. Beringi ya konrodi iliyokwisha hugonga kwa uzito, chini kabisa, na huzidi injini ikibebeshwa mzigo. Kujua ni ya silinda gani, fundi hukata moto wa plagi moja baada ya nyingine. Mlio ukififia, amefika. Mkanda wa feni unaopiga kelele hunyunyiziwa maji kidogo, na kelele ikibadilika hapana haja ya kutafuta kwingine. Penye utata huchukua bisibisi ndefu, ncha akaiegemeza kwenye chuma cha injini, mpini akauweka sikioni. Mwaka 1816 daktari René Laennec wa Paris alikunja karatasi ikawa bomba ili asikilize kifua cha mgonjwa, na stethoskopu ikaanzia hapo. Bisibisi ya gerejini ni ya ukoo huo huo.

Lakini kelele za barabarani si kitu mbele ya jibu linalofika mapema. Fundi aliyerekebisha tapeti asubuhi, kutwa atasikia tapeti hata pasipo na tapeti. Ugumu wa kazi hii uko hapo: kulirudisha sikio kwenye mlio kila linapokimbilia jina la ugonjwa. Walio bora hupunguza sauti moja moja. Mkanda ukitolewa kwa muda mfupi, alteneta hunyamaza, na mlio ukibaki vile vile, alteneta haina kosa. Kazi ya namna hii haina haraka, na mteja asiye na subira huiona kama uvivu.

Thika ina wasikilizaji wengine wa kuheshimiwa. Shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946 imelea vizazi vya wanafunzi wanaosoma kwa vidole na kwa masikio. Katika golboli, mchezo wa wasioona wenye mpira wa kengele ndani, watazamaji hutakiwa wanyamaze mpira ukichezwa, ili wachezaji wausikie unakotokea. Gerejini hakuna refa wa kumnyamazisha mtu. Utulivu fundi hujitengenezea mwenyewe, na kwangu mimi huo ni ustadi mkubwa kuliko kufungua na kufunga nati.

Siku hizi mashine ya kusoma kompyuta ya gari imeingia katika gereji nyingi, nami siidharau, kwa kuwa hufichua mengi ambayo sikio haliwezi kuyafikia. Hata hivyo mashine husoma kile tu kilichowekewa sensa. Boljointi iliyolegea haina sensa. Hujisema yenyewe, kwenye mashimo, kwa anayesikiliza.

Enyi walimu wa vyuo vya ufundi vya Thika na Ruiru, mpeni mwanagenzi injini inayowaka na muda wa kuisikiliza kabla hamjampa spana. Nanyi wenye magari, mkifika gerejini zimeni redio, semeni mlio ulianza lini na huzidi wakati gani, kisha mwacheni fundi asikilize.