Pipa la Bourbon Lilifuata Nini kwa Rasiberi?

Bia ilikuwa imekwisha kuiva, na hilo ndilo linaloniudhi. Ile bia chachu ya rasiberi kutoka Oregon, ambayo tangu itoke imekuwa gumzo la kila anayejiona ana ulimi, ilikamilika siku ilipotenganishwa na matunda. Ingetiwa chupani siku hiyohiyo na kuachwa itengeneze gesi yake yenyewe, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Badala yake mwenye kiwanda akaihamishia kwenye mapipa ya bourbon yaliyotoka kumwagwa, akaiacha humo miezi 3. Kiwanda sikitaji. Mlioinywa mnakijua, na lebo imeyaeleza yote kwa fahari: miezi 18 kwenye mapipa ya mvinyo, rasiberi nzima, kisha bourbon.

Kazi iliyotangulia sina neno nayo: ngano mbichi, hopsi zilizozeeshwa, hamira ya breti isiyoharakishwa, siki ya kuhesabu matone.

Tuje kwenye glasi. Ukiinusa kabla hujaizungusha, kinachokufikia kwanza ni nazi. Halafu vanila, halafu sukari iliyoanza kuungua. Rasiberi unaiona kwa macho tu. Unasubiri, glasi inapata joto, nayo inajitokeza, lakini imeshageuka jamu. Ile harufu yake ya juu, inayokaribiana na ua la vayoleti, imekwenda zake. Na hiyo ndiyo rasiberi. Ukiiondoa, unabakiwa na kitu chekundu chenye ugwadu ambacho kingeweza kuwa tunda lolote.

Halafu unameza, na hapo ndipo kosa linapojianika. Vanila kwenye kinywaji kitamu huukuza utamu uliopo. Kwenye bia iliyochachuka mpaka chini, ambayo breti haikuiachia hata chembe ya sukari, vanila huahidi utamu usiokuwapo. Pua inaambiwa keki, mdomo unapewa ndimu. Wapo waliouita mgongano huo "ugumu wa ladha". Mimi nauita vitu viwili visivyoongea. Nyuma yake kuna ukakasi: mbegu za rasiberi zilikwisha kutoa tanini yake, na ilikuwa ya kiasi, mti uliochomwa ukaongeza ya kwake. Mwisho kabisa joto la kooni, kwa sababu pipa lililotoka kumwagwa bourbon huwa limenyonya lita kadhaa za spiriti katika mbao zake, na spiriti hiyo haipotei. Inaingia katika kile utakachomimina.

Kwa nini nazi? Kwa sababu bourbon hulala kwenye mwaloni mweupe wa Marekani, ambao una laktoni nyingi kuliko mialoni ya Ulaya, na laktoni hiyo pua huitambua kama nazi. Moto uliochoma mbao ndani ndio unaozidisha vanila na ile harufu ya sukari kuungua. Na kwa nini bourbon? Hapa nitawaudhi baadhi yenu: sababu haianzii ulimini, inaanzia sheriani. Tangu miaka ya 1930 sheria ya Marekani inataka bourbon iwekwe kwenye mwaloni mpya uliochomwa. Pipa likishatumika mara moja, kwa bourbon halina kazi tena. Viwanda vya Kentucky vinayatoa kwa maelfu, na watengenezaji bia wanayapokea. Yalifaa sana kwa stauti. Watu wa Goose Island kule Chicago walipoitia stauti yao nzito kwenye mapipa hayo miaka ya 1990, kimea kilichokaangwa kilikuwa na mabega ya kuubeba ule mzigo. Lakini tangu hapo neno "pipa" kwenye lebo limekuwa kibali cha kupandisha bei, nami nimekwisha kulalamikia hilo katika safu hii mpaka mhariri amechoka.

Maana pipa kwa bia chachu ni kazi nyingine kabisa. Kwa Cantillon pale Anderlecht, Brussels, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1900, mbao zimezeeka na hazina tena ladha ya kutoa. Pipa ni nyumba ya hamira na bakteria, na ni pua ya kuvutia hewa kidogo kidogo. Basi. Jean-Pierre Van Roy wa hapo Cantillon aliporudisha heshima ya lambiki (bia chachu ya Kibelgiji) ya rasiberi, ile tuijuayo kama Rosé de Gambrinus, alikuwa na mpangilio usio na mbwembwe: lambiki ya takriban miaka 2, gramu 200 hivi za matunda kwa lita, kisha lambiki changa kidogo ili chupani kuwe na sukari ya kuzalisha gesi. Subira yote, ile ya miaka, inatangulia tunda. Baada ya tunda ni haraka, kwa sababu alijua kwamba harufu ya rasiberi huanza kuondoka siku ileile inapoingia na wekundu wake hauchelewi kugeuka rangi ya kutu. Mwenzetu wa Oregon ameigeuza hesabu: alipopata tunda ndipo akaanza kusubiri upya.

Mpangilio kama huo mpika mbege wa Kilimanjaro anaujua bila kusoma kitabu: ndizi zilizopikwa huachwa zichache kwanza, uji wa kimea cha ulezi huja mwishoni, na pombe ikishakuwa pombe watu huitwa kunywa.

Najua hoja itakayoletwa. Mtaniambia Vinnie Cilurzo wa kiwanda cha Russian River huweka matunda kwenye mapipa yenye ladha na hakuna anayemnung'unikia. Kweli. Supplication yake ni ya cheri chachu kwenye mapipa ya pinot noir. Consecration ni ya zabibu ndogo nyeusi zilizokaushwa kwenye mapipa ya cabernet. Lakini angalieni alichochagua. Bia zote mbili zina kimea cha rangi, si nyepesi kama hii. Cheri ina kokwa, ina ule mlozi wake, huvumilia mwaka mzima na zaidi. Na mapipa yenyewe ni ya mvinyo mwekundu, jamaa wa matunda, tena kwa kadiri. Hayakuchomwa mpaka kuwa makaa, wala hayakulowa pombe iliyoingia ndani ikiwa na nguvu ya hadi asilimia 62.5. Alipotaka rasiberi, kwenye ile Framboise for a Cure, Cilurzo alikwenda kwenye mapipa ya chardonnay. Mtu anayelisoma pipa kabla ya kulijaza.

Nikijaribu kumwelewa wa Oregon, nadhani aliogopa wepesi. Rasiberi sehemu kubwa ni maji. Ukizitia za kutosha bia inanywea katikati, na ukiionja kwenye bomba kabla ya gesi unaweza kuona kama imekonda. Hofu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake ilikwisha kugunduliwa. Armand Debelder wa kiwanda cha Drie Fonteinen, Beersel, alipotengeneza Hommage kumuenzi baba yake Gaston, aliongeza cheri chachu kidogo juu ya rasiberi nyingi. Cheri ile huioni, unaisikia tu chini ya ulimi, ikishikilia. Ningeelewa pia kama sehemu ndogo tu, tuseme moja ya kumi, ingepelekwa kwenye bourbon halafu ikarudishwa kwa vipimo, mtu akionja kila hatua. Hiyo ndiyo kazi ya kuchanganya, na watu wa kiwanda cha Rodenbach wameishi kwayo: Grand Cru yao ni theluthi mbili bia iliyokaa kwenye mapipa makubwa, theluthi moja changa. Huyu aliipeleka yote, hakubakiza hata pipa moja la akiba la kurekebishia. Uamuzi wa miezi 3 ukafuta miezi 18, na alipogundua, kama aligundua, hakuwa na cha kuchanganyia.

Kuhusu spiriti, Debelder huyohuyo alikuwa na kisa chake. Mwaka 2009 kidhibiti joto cha ghala lake kiliharibika, joto likapanda, shehena kubwa ya chupa za geuze, yaani lambiki ya kuchanganywa, ikapasuka au kupikika. Hakujaribu kuificha kwa kitu. Aliipeleka ikakenekwa, ikauzwa kama kinywaji kikali chenye jina lake. Bia ikawa spiriti waziwazi, na mnywaji akajua anakunywa nini.

Wasomaji wa siku nyingi wanajua ugomvi wangu na lambiki za sukari, zile zinazotiwa sharubati kisha zikapashwa moto ili hamira isiile. Angalau Ulaya imelilinda neno: tangu 1997 huwezi kuandika Oude Kriek au Oude Geuze juu ya kitu kilichotiwa utamu. Mwenye kiwanda wa Oregon ataapa kwamba hakutia sukari, na ni kweli. Lakini vanila ya pipa ni utamu ulioingizwa kwa mlango wa uani, kwa mnywaji yuleyule anayeogopa uchachu, na afadhali wale wa sharubati kwa sababu kwao ulimi hupata ulichoahidiwa.

Mlionunua chupa kadhaa mkaficha kabatini ili "ikomae": msisubiri. Breti itaendelea kufanya kazi, uchachu utakaa sawa, lakini nazi ya mwaloni haina pa kwenda, na rasiberi iliyobaki haitafika mwakani. Inyweni sasa, kwenye nyuzi 12 hivi. Ikiwa baridi zaidi mtapata vanila na ndimu tu.