Chini ya Kibanda Kuna Nini?

Kijana wa Raila, kijiji kimoja cha Kibera jijini Nairobi, akishapata mtaji wa kwanza, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja humwambia aende Nakuru, kwa kuwa ilipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Mwingine hutaja Eldoret, iliyofuata Agosti 2024. Aliyechoka na Kibera humwambia ahamie Kawangware, huko kuna watu wengi. Wote hawa huanza na wingi wa watu, na wingi wa watu ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote.

Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu 170,070. Ya 2019 ikaipa kaunti ndogo ya Kibra watu 185,777, na Dagoretti, ambamo Kawangware imo, watu 434,208. Mwenye kufuata hesabu hizo angefunga virago asubuhi hiyohiyo. Lakini kibanda cha futi kumi kwa kumi hakiuzii kaunti ndogo. Kinawauzia wanaopita mbele yake, na kimesimama juu ya ardhi ya mtu fulani. Mimi huanza na ardhi.

Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni, mwanzoni mwa karne iliyopita. Jamii yao ilingoja hadi 2017 ndipo ikakabidhiwa hati ya ekari 288. Sehemu kubwa iliyobaki ni ardhi ya serikali, na anayekuja kuchukua kodi kila mwezi ni mwenye jengo, si mwenye ardhi. Kawangware ina historia tofauti kabisa. Ilikuwa upande wa Kiambu kabla ya mipaka ya Nairobi kupanuliwa wakati wa uhuru, na ploti zake nyingi ni za watu binafsi wenye hati, mara nyingi familia zilizorithi shamba la babu. Ukifungua duka pale Kawangware 56 au Gatina, mtu unayempa kodi kwa kawaida ndiye anayeweza kukuondoa. Ukifungua Raila, kuna mwingine nyuma yake.

Wakazi wa Raila wanalijua hilo vizuri. Februari 2004 majengo yalibomolewa kijijini humo kupisha barabara ya kuzunguka jiji upande wa kusini, ile ambayo leo magari hupita kwa kasi kana kwamba hapakuwa na mtu. Julai 2018 tingatinga zikarudi Kibera, safari hii kwa barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu wakalala nje. Katika visa vyote viwili, aliyekuwa na kodi iliyolipwa na aliyekuwa na deni walipoteza sawasawa.

Kisa cha reli kilikwenda vingine, na ndicho ningependa kila mwenye biashara akisome kwa makini. Mwaka 2004 Shirika la Reli lilitoa notisi kwa watu wote waliojenga na kuuza bidhaa kandokando ya njia yake, Kibera na Mukuru. Badala ya kungoja tingatinga, wakazi walijadiliana na shirika hilo. Ujumbe ulikwenda India kuona jinsi wakazi wa kando ya reli za Mumbai walivyohamishwa baada ya kujihesabu wenyewe. Kisha hesabu ikafanywa hapa, mlango kwa mlango: jengo likapewa namba, na wanaolitumia wakaandikwa, anayeishi na anayeuza. Ilichukua miaka, lakini kwa fedha za Benki ya Dunia nyumba na vibanda vipya vilijengwa kando ya reli, na rejista ile ndiyo iliyoamua nani anapewa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa gudwili kwa kibanda chochote Kibera, uliza kama jengo lina namba, na iliandikwa na nani, lini, na kwa jina la nani. Tazama kuta za majirani kama kuna alama ya X, ile ya majengo yanayongoja kubomolewa. Uliza waliokaa hapo muda mrefu reli iko hatua ngapi, nguzo za stima nzito zinapita wapi, barabara ikipanuliwa itakula upande gani. Ramani ipo pia. Hadi 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za kawaida. Ndipo vijana wa vijiji vyake, chini ya mradi wa Map Kibera, walipotembea vichochoro wakiwa na vifaa vya GPS na kuchora njia, shule, vyoo, vituo vya maji na zahanati kwenye OpenStreetMap. Ni ya bure, na inaonyesha kitu ambacho macho hayaoni ukisimama mahali pamoja: njia ngapi hukutana mbele ya mlango unaoutaka.

Baada ya ardhi ndipo nyayo. Watu wengi wa Kibera huondoka alfajiri kwa miguu wakifuata reli kuelekea Industrial Area, na hurudi jioni na pesa ya kibarua cha siku. Ndiyo maana unga wa kupima, mafuta ya kupima na sukuma iliyokatwa tayari huenda haraka saa moja usiku. Kawangware huwapeleka wengi Lavington na Kileleshwa, kwenye mijengo na kazi za nyumbani, na wengi wa kazi za nyumbani hulipwa kwa mwezi. Huko mwisho wa mwezi una uzito, na kitabu cha madeni kinajaa mapema. Kwa mama mboga, Kawangware ina faida nyingine: soko la Wangige liko karibu nayo zaidi, na nauli ya gunia hula faida kidogo.

Hesabu mwenyewe. Keti upande ambao watu hupita wakirudi nyumbani, asubuhi na jioni, siku ya kazi na Jumapili, katikati ya mwezi na mwisho wake. Usihesabu wanaopita tu. Hesabu wanaosimama, na utazame wamebeba nini. Mtu ambaye tayari ana mfuko wa mboga amekwisha kununua kwa mwingine mbele yako, na huyo si mteja wako hata akipita kila siku.

Kawangware nayo ina hatari yake. Ploti za mabati zinageuzwa ghorofa, na mpangaji wa duka husikia habari siku fundi anapokuja kupima. Hapo sheria inasaidia zaidi kuliko watu wanavyodhani. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka au hoteli asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba lazima atoe notisi ya maandishi ya miezi miwili au zaidi, kwa fomu maalumu, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Tunza risiti, au ujumbe wa M-Pesa wa kila kodi uliyolipa. Lakini sheria hiyo ni ya mpangaji na aliyempangisha. Haimzuii mwenye ardhi iliyotengewa reli au barabara.

Mtu akiniuliza moja kwa moja, humuuliza kwanza anaweza kuhamisha nini kwa usiku mmoja. Mboga, mitumba, chapati, kinyozi mwenye kioo, kiti na mashine mbili: Raila panamfaa, maana kodi ni nafuu, wateja wako mlangoni na fedha huzunguka kila jioni. Posho mili, oveni ya mikate, karakana ya kuchomelea vyuma, chochote kinachofungwa kwa saruji sakafuni, kipeleke Kawangware hata kama kodi ni mara mbili, na usimwage saruji kabla ya kuona hati ya ploti na kulinganisha jina lililomo na la mtu anayepokea kodi yako.