Nyumba Hii Haiuzwi: Kusoma Vibao vya Dar es Salaam

Kwenye simu zetu hazikosekani picha za vibao tunazotumiana ili tucheke. "Fundi chelehani" ni mfano mmoja tu. Sisi tuliosoma tumejipa kazi ya kuusahihisha mtaa. Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na jambo moja tunalorudia darasani ni kwamba kabla ya kuihukumu matini, uliza kwanza inasema na nani. Naona vibao vya jiji hili vinastahili swali hilohilo. Ukimtafuta msomaji ambaye kibao kinamtarajia, utaijua tabia ya mtaa kuliko ukihesabu makosa ya tahajia.

Tuanzie Masaki. Ukutani kuna namba ya kiwanja, nembo ya kampuni ya ulinzi, onyo la nyaya za umeme, na pale getini: "Mbwa Mkali". Sasa tazama lugha. Migahawa, saluni na nyumba za kupangisha hujitangaza kwa Kiingereza, lakini mara nyingi nimekuta mbwa anatangazwa kwa Kiswahili. Lugha moja inakaribisha, nyingine inafukuza. Aliyeandika vibao hivyo huenda hakukusudia ubaya wowote, ila amekwisha kuwagawa wasomaji wake: mteja anasoma hiki, mpita njia anayeshukiwa anasoma kile. Jirani hajaandikiwa chochote.

Kariakoo hawana muda wa kumfukuza mtu. Kule kibao ni sauti, na kila sauti inajaribu kuizidi ya pembeni. "Jumla na rejareja", mshale unaokuelekeza ghorofa ya pili, namba ya simu kubwa kuliko jina la duka. Msomaji anayetarajiwa ni mgeni mwenye fedha, awe katoka Mwanza, Lubumbashi au Lusaka. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani, unaulizwa unachukua pisi ngapi.

Lakini inua macho usome majina ya mitaa yenyewe. Narung'ombe na Mahiwa ni mahali kusini mwa nchi palipopiganwa vita vikali kati ya Waingereza na Wajerumani mwaka 1917. Na jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika vita hiyo. Mapigano yamepewa mitaa, kila pigano na mtaa wake. Wapagazi, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na uchovu, wamepata jina moja la wote, tena la kikosi, lililonusurika kwa sababu ndimi za wenyeji zililigeuza likawa lao. Leo jina hilo linatamkwa kila siku na makondakta ambao hawana habari na kikosi hicho. Hiyo nayo ni namna ya kukumbukwa, ingawa ni haba.

Manzese na Tandale, msomaji anabadilika tena. "Barafu zinauzwa hapa", kwa chaki, juu ya mlango. "Mkaa upo." Hakuna jina la mwenye biashara, hakuna saa za kufungua. Anayesoma anajua ni kwa nani, na anajua akikuta pamefungwa agonge dirisha la uani. Dukani kwa Mangi utakuta methali ukutani: "Kukopa harusi, kulipa matanga." Wengi huichukua kama ukali. Mimi naisoma kama ushahidi wa ukaribu, kwa maana onyo la deni huandikiwa mtu anayeweza kukopa, yaani mtu ambaye kesho atarudi na jina lake linajulikana. Masaki sijawahi kuona onyo la namna hiyo. Nani atakukopesha kule, na anakujua wapi?

Kipo pia kibao kinachovuka mitaa yote: "Nyumba hii haiuzwi." Wageni wa jiji hukishangaa, kwa kuwa hakuna aliyeuliza bei. Kumbe kinasema na watu watatu kwa pamoja: tapeli anayeonyesha nyumba isiyo yake, mnunuzi anayekaribia kulizwa, na ndugu aliyemo humohumo ndani mwenye haraka na mirathi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Lakini sheria iko kitabuni na dalali yuko barazani, kwa hiyo familia inachukua kopo la rangi.

Mwandishi mwenzake wa ukutani ni serikali. Mwaka 2017, kabla ya Barabara ya Morogoro kupanuliwa kuanzia Kimara, nyumba zilizochorwa X nyekundu zilivunjwa. Alama hiyo huja mara nyingine na neno "Bomoa". Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita neno hilo. Ni amri, na anayeamriwa ni mwenye tingatinga. Mwenye nyumba anasoma kwenye ukuta wake mwenyewe maagizo aliyopewa mtu mwingine.

Mwaka 2022 ikaja operesheni ya anwani za makazi, na nguzo zenye majina ya mitaa zikasimikwa hadi kwenye vichochoro. Sina ugomvi nazo, maana gari la wagonjwa linahitaji kufika. Hata hivyo bado tunaelekezana kwa Mtogole, Buguruni Sheli, Mbagala Rangi Tatu, majina ambayo wengi wetu tuliyajua masikioni kabla hatujayaona kwenye kibao. Na namba ya nyumba haizuii X. Ukuta mmoja unaweza kubeba vyote vitatu: namba inayosema upo, X inayosema uondoke, na rangi ya familia inayosema hatuuzi.

Kwa hiyo ukikutana na "fundi chelehani", soma tena. Kimeandikwa na mtu anayezungumza hivyo, kwa majirani wanaozungumza hivyo, na suruali zao zinashonwa. Hakikuandikwa kwa ajili yetu. Pengine hicho ndicho kinachotuchekesha.